Kuhuisha Kitovu cha Mji: Lodwar, Kakuma na Nguvu ya Wakazi

Kitovu cha mji ni ile sehemu kongwe ambako mji ulianzia, penye maduka ya kwanza, ofisi za kwanza, soko na njia panda, na ambako hata baada ya mji kutanuka watu huendelea kwenda kununua, kuuza, kusalimiana na kupashana habari. Kuhuisha kitovu hicho ni kurudisha hali zinazowafanya watu wapende kufika hapo na kukaa, yaani usafi, kivuli, usalama, biashara yenye faida na fahari ya kujua yaliyowahi kutokea mahali pale. Katika miji ya kale ya pwani, kazi hii huanzia kwenye kuta za mawe na milango ya nakshi. Katika Turkana, ambako miji ni michanga na wenyeji wengi wametoka katika maisha ya kuhamahama na mifugo, kazi yenyewe yapasa kuanzia kwenye mapatano ya watu juu ya mahali wanapokutana, kwa kuwa huko mapatano yametangulia kuta.

Hata hivyo, uchanga wa mji haumaanishi kwamba mji hauna historia. Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, imekaa kati ya mto Turkwel na Kawalase, mto wa msimu ambao hujaa ghafla mvua ikinyesha na kubaki mchanga mtupu mvua ikikatika. Wakati wa ukoloni Turkana ilitangazwa kuwa wilaya iliyofungwa, yaani eneo ambalo watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali, na ugumu huo wa kufika ndio uliowafanya Waingereza waligeuze kuwa mahali pa kuwatenga wapinzani wao. Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa pamoja na wenzake huko Kapenguria mwaka 1953, alifungwa Lokitaung, kaskazini zaidi, na kifungo chake kilipokwisha Aprili 1959 hakuachwa huru bali alihamishiwa Lodwar, ambako aliwekwa chini ya ulinzi hadi Aprili 1961 alipopelekwa Maralal. Machi 1961, viongozi wa vyama vya KANU na KADU walisafiri hadi Lodwar kuonana naye, na kwa hiyo sehemu ya mashauri yaliyoizaa Kenya huru ilifanyika katika mji huu ambao Wakenya wengi bado wanaujua kwa jua lake tu.

Miaka ya karibuni imeukuza mji huu kwa kasi kubwa. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa upande wa Lokichar, kusini mwa Lodwar, na mwaka 2013 ugatuzi, yaani mpango wa kuzipa kaunti madaraka na fedha zake, ulileta ofisi, mishahara na wakandarasi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 82,970 mjini Lodwar. Ukuaji wa namna hii una baraka zake, lakini mara nyingi huuacha moyo wa mji nyuma, kwa sababu mwenye fedha hununua kiwanja kando ya lami mpya na kujenga nje, ilhali mitaa ya zamani hubaki na mitaro iliyozibwa na plastiki, vibanda vilivyobanana na maji ya mafuriko yasiyo na pa kupita. Mathenge, kichaka cha miiba kutoka Amerika ya Kusini kilichopandwa Turkana katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, nacho kimesambaa kandokando ya mito na kuziba njia za watu na mifugo.

Tatizo la kitovu kinachoachwa nyuma si la Turkana peke yake. Nchini Marekani, miji midogo mingi ilishuhudia maduka ya barabara zake kuu yakifungwa baada ya masoko makubwa kujengwa nje ya mji, na mwaka 1977 shirika la kitaifa la kuhifadhi turathi lilianza majaribio katika miji mitatu, Galesburg, Hot Springs na Madison. Majaribio hayo yalizaa mpango wa nchi nzima mwaka 1980, unaosimama juu ya nguzo nne: wakazi kujipanga, mandhari kutengenezwa, biashara kuimarishwa na mji kutangazwa. Karibu zaidi na nyumbani, Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Msomaji aliyewahi kutembea Lamu atakumbuka baraza, yaani kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambacho mwenye nyumba hukitoa kwa wapita njia ili wapumzike na kuzungumza. Kwa kiti hicho mtaa hupata uhai bila serikali kugharimika hata shilingi.

Baraza ya Turkana ni mti. Kwa mila za Waturkana wa kale na wa leo, wazee hukutana chini ya kivuli kinachojulikana kama mti wa wanaume, na hapo ndipo migogoro husuluhishwa, safari za malisho hupangwa na wageni husikilizwa. Aidha, kandokando ya Turkwel na mito mingine kuna utaratibu uitwao *ekwar*, ambao huipa familia haki ya kutumia miti ya kipande fulani cha ukingo wa mto, hasa migunga ambayo maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi, na haki hiyo hufungamana na wajibu wa kuitunza miti hiyo isikatwe ovyo. Mtu asiye wa familia hiyo huomba ruhusa kwanza, na majirani wanajua nani wa kuulizwa.

Utaratibu huu una somo kubwa kwa mji. Miti mingi inayopandwa mijini kwa sherehe hukauka kwa sababu ni ya kila mtu, na kilicho cha kila mtu hakina wa kukimwagilia maji. Kama kila duka, kanisa, msikiti, shule au kikundi cha waendesha bodaboda kitakabidhiwa kivuli chake na kipande chake cha mtaro, kwa mapatano yanayojulikana na mtaa mzima, *ekwar* itakuwa imeingia mjini. Katika Lodwar, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 250 na jua la mchana humfukuza mnunuzi barabarani, kivuli ni mtaji wa biashara, maana mteja hutembea pale ambapo mwili wake unastahimili.

Ushahidi wa jambo hili uko kwa wanawake wanaosuka vikapu. Jani changa la mkoma huchanwa kwa vidole kuwa nyuzi, hukaushwa juani mpaka rangi ya kijani ififie, nyingine huchemshwa katika rangi, kisha nyuzi hizo huzungushwa na kushonwa kwa sindano nene, mzunguko juu ya mzunguko, hadi kitako cha kikapu kitokee. Kazi hiyo huchukua siku nyingi za kukaa, na msusi huhitaji mahali penye kivuli ambapo mpita njia atamwona akisuka na kuuliza bei. Akisukumwa hadi pembezoni mwa mji, msusi hupoteza wateja, na mji nao hupoteza kitu ambacho mgeni hawezi kukipata kwingine. Tamasha la utalii na utamaduni la Tobong'u Lore, ambalo jina lake ni mwito wa kurudi nyumbani, huwaleta wageni Lodwar, lakini soko la kudumu katikati ya mji lingewapa wasusi hao riziki ya mwaka mzima.

Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, inafundisha upande mwingine wa jambo hili. Ilikuwa kituo kidogo cha biashara kando ya mto wa msimu wa Tarach hadi mwaka 1992, kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, kisha wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengine. Kambi ilipangwa kwa ajili ya misaada, lakini watu wenyewe waliotesha masoko ndani yake, na utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), tawi la Kundi la Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu zaidi ya maduka 2,000. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula, utaratibu wa kumpa mkimbizi fedha za chakula kupitia simu ili anunue kwa wafanyabiashara walioidhinishwa, wakimbizi na wenyeji, na hivyo sehemu ya msaada ikapitia dukani. Mwaka huohuo serikali ya kaunti na wenyeji walikubaliana na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa kutenga hekta 1,500 huko Kalobeyei kwa makazi ya pamoja. Mapatano hayo yalitangulia nyumba na maduka, na yanaonyesha kwamba hata watu waliokutana kwa msiba wanaweza kujenga kitovu kimoja iwapo mwenyeji atashirikishwa mapema.

Sheria nayo imefungua mlango. Sheria ya Maeneo ya Mijini na Miji ya mwaka 2011 inawapa wakazi haki ya kushiriki katika uendeshaji wa mji wao kupitia mabaraza ya wananchi, na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaruhusu jengo lenye historia litangazwe rasmi na kulindwa. Haki hizi hubaki kwenye karatasi mpaka wakazi wafike kwenye kikao wakiwa na orodha yao: mtaro upi uzibuliwe kabla ya mvua, mti upi usikatwe, nyumba ipi iwekwe kibao cha kumbukumbu, na wasusi wapewe sehemu gani ya soko.

Wakazi wa Lodwar na Kakuma hawana sababu ya kungoja mfadhili ili kuanza. Wafanyabiashara wa mtaa mmoja wakutane, wagawane miti na mitaro kama babu zao walivyogawana kingo za Turkwel, na wazee wawasimulie vijana yaliyotokea katika mji wao, kisha waende kwa manispaa wakiwa na sauti moja. Haba na haba hujaza kibaba, na mtaa mmoja ukishatunzwa, mtaa wa pili utauliza ulifanyaje.