Kijiko cha kuzunguka hakina dawa



Mumesikia maneno yanayosemwa kule dortwari: ati kapita ana dawa kwenye ndoano yake, njo maana kila siku ya posho anarudi kutoka ziwani na samaki, wenzake wanarudi na njaa. Leo ninataka kueleza wazi. Dawa hakuna. Kuko kijiko. Na mwisho nitasema jambo moja ambalo hainipendezi kulisema.

Juu ya nini tunakiita kijiko? Juu zamani kilikuwa kijiko kweli. Mwaka 1852 Mwamerika mumoja, Julio Buel, alipata hati ya serikali juu ya ufundi wake wa kuvua kwa kijiko chenye ndoano. Halafu mwaka 1938 Mfaransa André Meulnart akatengeneza kile cha kuzunguka kwenye waya kinachoitwa Mepps. Kule Amerika watu wanakitumia sana kwa samaki anayeitwa basi. Sisi hapa Tanganyika hatuna basi, lakini tuna kuhe, naye anakamatwa kwa kijiko kilekile.

Kijiko kina vipande vitano:

1. Waya ya chuma iliyonyooka.
2. Jani la bati au shaba, lenye kubonyea kidogo kama kiganja cha mkono. Linashikwa kwenye waya kwa kipete, siyo kwa kufungwa ngumu.
3. Ushanga chini ya kipete, kusudi jani liteleze na kuzunguka bila kukwama.
4. Uzito wa risasi au shaba, kusudi kiruke mbali na kuzama.
5. Ndoano kwenye mwisho.

Mukivuta uzi, maji yanaingia katika ule mubonyeo wa jani na kulisukuma. Jani linasimama mbali na waya na kuanza kuzunguka. Linang'aa, ndiyo. Lakini kazi yake kubwa siyo kung'aa, ni kutikisa maji. Samaki ana mustari kwenye ubavu wake, kutoka kichwa mpaka mukia. Kwa mustari huo anasikia mutikisiko wa maji, hata usiku, hata maji yakiwa machafu. Kwake ule mutikisiko ni sawa na ndagala anayekimbia. Basi anafuata.

Sasa munaona makosa yetu. Wengi wanavuta mbiombio kama wanachota maji ya kisima. Hapana. Vuta polepole, lakini jani lisiache kuzunguka. Utajuaje? Kidole chako kitasikia uzi unatetemeka. Kama hautetemeki, jani limelala, na wewe unavuta chuma tu. Kijiko kikianguka majini, acha kizame kidogo, halafu kivute kwa nguvu mara moja kusudi jani liamuke. Kisha endelea polepole.

Kosa la pili: kufunga uzi wa niloni moja kwa moja kwenye waya. Kijiko chote kinaweza kuzunguka, na uzi unajisokota mpaka unakuwa kama nywele zisizochanwa. Tia kwanza kapete kale kadogo ka shaba kenye vichwa viwili vinavyojizungusha. Fundi yeyote wa nyavu anakajua.

Tena, majani hayafanani. Jani pana linazunguka mbali na waya na kutikisa maji sana. Ni zuri mahali pasipo na kina, au kisha mvua wakati muto unaleta matope. Jani jembamba linazunguka karibu na waya na kuzama vizuri. Ni zuri kwa maji yenye kina au yenye mwendo.

Hiyo njo dawa yangu yote.

Sasa lile jambo lingine. Mwezi uliopita nilikuwa juu ya mawe, maji meupe kama kioo. Nikatupa kijiko, kuhe akakipiga na kukiacha. Nikatupa tena palepale, akakipiga tena. Mara ya tatu nikamukamata, mukubwa kama mukono wangu. Rafiki zangu walipiga kelele ya furaha. Lakini nilipoangalia chini, niliona wingu dogo jeusi juu ya muchanga: watoto wake, wadogo kama punje za mutama, wengi sana. Mwenzake alikuwa anazunguka peke yake, anafukuza upande huu, na upande ule samaki wengine wanaingia na kula. Nilisimama pale na samaki wangu mukononi. Haikuchukua wakati murefu, wingu likapungua sana.

Kuhe ni mumoja wa wakubwa kabisa katika jamaa yake, ambamo tilapia pia yumo. Baba na mama wanalinda mayai na watoto pamoja. Kwa basi wa Amerika dume njo analinda. Wakati huo samaki hapigi kijiko juu ya njaa. Anakipiga juu anafikiri ni adui wa watoto. Njo maana anarudi mara mbili, mara tatu, na ni rahisi kumukamata. Siku ile sikuwa fundi. Nilimukamata muzazi mulangoni mwa nyumba yake.

Kwa hiyo ninawaomba, ndugu zangu. Mukiona kuhe wawili wakubwa wanakaa mahali pamoja bila kukimbia, angalieni chini yao. Mukiona wingu la watoto, ondokeni, muende mbele hatua mia. Na kwa pinsi, bonyezeni kile kijino cha ndoano kilale. Hivyo ukikamata muzazi bila kujua, utamutoa upesi, bila kumupasua mudomo, naye atarudi kwa watoto kungali na mapema. Kijino kikilala, hata ndoano ikiingia kidoleni itatoka bila kilio.

Watoto wa kuhe tunaowaacha leo, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza njo watawavua wakifika mwaka wa sita. Mimi sitakuwa hapa tena. Mwenye kutaka kutengeneza kijiko, aje kwangu siku ya posho kisha kufagia. Alete bati. Dawa asilete.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa internati, mwaka wa sita