Kelele na Kishindo katika Mchezo wa Puli

Husemwa kwamba mchezaji wa puli, mchezo wa jamii ya biliadi, hawezi kulenga vema pasipo kimya. Kauli hiyo yafaa ipimwe. Katika Mosconi Cup, mashindano ya Ulaya na Marekani yaliyoanza mwaka 1994, watazamaji huimba na kushangilia kwa nguvu. Hata hivyo wachezaji hutumbukiza mipira mifukoni. Kinyume chake, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Uingereza, unakogombewa ubingwa wa dunia wa snuka tangu 1977, mwamuzi hudai kimya, na kikohozi kimoja chatosha kumsumbua mchezaji.

Sababu ni nini? Kiswahili chatusaidia kuieleza, kwani hutenga kelele na kishindo. Kelele huweza kuendelea, na sikio likaizoea. Kishindo huja ghafla: misuli ya shingo na mabega hujikaza kabla akili haijaamua lolote, fimbo hukengeuka, na zamu humwendea mpinzani. Tena, kadiri kimya kinavyozidi, ndivyo sauti ndogo inavyokuwa kama kishindo.

Basi mwandalizi wa mashindano asiulize tu kama ukumbi una kelele. Aulize kama sauti zake hazibadiliki ghafla mchezaji anapoinamia meza.