Risasi Ipimwe Pale Inapofika

Mwindaji anayejiandaa kwenda kuwinda wapiti, aina ya kulungu mkubwa, katika milima ya Colorado, Marekani, kwa kawaida huanza kwa kusoma namba zilizo kwenye boksi la risasi: kasi inapotoka mtutuni na nguvu yake hapohapo mtutuni. Namba hizo ni za kweli, lakini hakuna mnyama anayesimama mdomoni mwa bunduki. Wapiti dume, mwenye kilo 300 na zaidi, mara nyingi huonekana ng'ambo ya bonde, mita 300 au 400. Kinachomuua ni kile kilichosalia kwenye risasi baada ya kupambana na hewa njia nzima.

Tuchukue risasi mbili zinazotoka kwa kasi ileile, takriban mita 823 kwa sekunde. Ya kwanza ni .30-06 Springfield, iliyoingia jeshini Marekani mwaka 1906, yenye kichwa cha greni 180, yaani karibu gramu 11.7. Ya pili ni 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, yenye kichwa chembamba na kirefu cha greni 143, karibu gramu 9.3. Mtutuni, .30-06 ina jouli 3,950 hivi na mwenzake 3,140. Zikifika mita 400, ya kwanza imebaki na takriban jouli 2,080 na ya pili 1,920. Ile tofauti ya jouli 800 karibu yote imeliwa na hewa, kwa kuwa kichwa chembamba hupasua hewa kwa urahisi zaidi na kutunza kasi yake.

Umbo hilohilo husaidia kwenye upepo, na kwangu mimi hapa ndipo penye uzito. Kushuka kwa risasi kunahesabika: ukiisawazisha darubini kwa mita 200, .30-06 itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita ifikapo mita 400, leo na kesho, na kifaa cha leza kitakupa umbali kamili. Upepo hauna kifaa cha namna hiyo. Ule wa kilomita 16 kwa saa, wa kutikisa majani na vijiti tu, ukivuma kutoka ubavuni husogeza .30-06 kwa sentimita 40 hivi katika mita 400, na Creedmoor kwa sentimita 30. Moyo na mapafu ya wapiti vimo katika eneo lenye upana wa sentimita 30 hadi 40. Aliyelenga katikati bila kuuhesabu upepo, nao ukawa unaelekea upande wa mkia, atampiga tumboni. Risasi nzuri hupunguza kosa hilo, haiwezi kulifuta. Na upepo wa mahali uliposimama huenda usiwe ule ulioko bondeni.

Hesabu hizi ni za hewa ya nchi tambarare karibu na usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 3,000 hewa ni nyepesi kwa karibu robo, hivyo risasi hutunza kasi zaidi na hupiga juu kidogo ya ulivyozoea.

Sasa kichwa chenyewe. Kichwa cha kuwindia hutengenezwa kifunguke kama uyoga kikiingia mwilini, na vingi vinahitaji kufika na kasi isiyopungua mita 550 kwa sekunde hivi. Chini ya hapo hupenya bila kutanuka na kuacha tundu jembamba. Mnyama hukimbia mbali, anaumia kwa saa nyingi, na pengine hapatikani. Vichwa vya shaba tupu kwa kawaida hutaka kasi kubwa zaidi ya ile ya vyenye madini laini ya risasi ndani. Kwa .30-06 niliyoitaja, kasi hiyo ya mita 550 kwa sekunde huisha karibu na mita 480. Mpaka huu nauheshimu kuliko jouli, kwa sababu jouli zinaweza kuonekana nyingi kwenye karatasi huku kichwa hakifunguki.

Sheria ya Colorado inataka risasi ya wapiti iwe na kichwa cha greni 85 au zaidi na kipenyo kisichopungua inchi 0.24, na ibaki na takriban jouli 1,356 ikifika yadi 100, yaani mita 91. Ni kiwango cha chini kabisa, tena kwa umbali mfupi. Mbele ya hapo mwindaji ameachiwa mwenyewe, na ninaona anabeba dhamana kubwa.

Wengi hulijibu hilo kwa kununua nguvu. Risasi ya .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963, husukuma greni 180 zilezile kwa mita 900 kwa sekunde na kubaki na jouli 2,500 hivi kwenye mita 400. Lakini teke lake begani huzidi mara mbili ya lile la Creedmoor, na bega likishaogopa, kidole huvuta kifyatulio kwa pupa. Jipime hivi kwenye uwanja wa shabaha: mwombe mwenzako akujazie bunduki, mara risasi nzima, mara risasi bandia ya kufanyia mazoezi, bila kukuambia ipi. Mtutu ukizama wakati hakuna mlio, ujue wewe ndiye unayeshtuka kabla ya risasi kutoka.

Kwa nyati wa Tanzania hesabu hii hugeuka. Kule mwindaji hukaribia hadi makumi ya mita, na .375 H&H ya mwaka 1912, yenye kichwa kizito cha greni 300, huchaguliwa kwa ajili ya kuvunja mfupa na kupenya sana; kuushinda upepo si kazi yake.

Kwa wapiti, ningempa mwindaji wa kawaida .30-06 yenye kichwa imara cha greni 180, asipige kupita mita 300. Aliyeizoea .300 kwa mazoezi ya kweli, na anayeusoma upepo, anaweza kufika 400 mnyama akiwa ametulia. Creedmoor hupenya vizuri lakini tundu lake ni dogo, kwa hiyo ningeishia nayo mita 300 na kungoja wapiti asimame ubavu. Risasi hutumia zaidi ya nusu sekunde kufika mita 400, muda unaomtosha mnyama anayekula kupiga hatua moja.