Farasi-Bahari Nyumbani: Chakula Kwanza, Samaki Baadaye



Katika kurasa hizi za nyumbani tumezoea kusoma habari za ufugaji wa kuku, upandaji wa mboga nyuma ya nyumba, na malezi ya watoto. Leo naomba ruhusa yenu niwaletee habari ya ufugaji ulio mgeni kwetu sisi tunaokaa mbali na pwani, nao ni ufugaji wa samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo. Siandiki kama bingwa wa kazi hiyo. Naandika kama mtu aliyekosea, akaliona kosa lake mbele ya macho ya mtoto wake, kisha akajifunza.

Miaka mitatu iliyopita, tukiwa likizoni Mombasa, binti yangu aliyekuwa na umri wa miaka minane alimwona farasi-bahari kwa mara ya kwanza. Ni samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi na mkia unaojizungusha penye jani la mwani kama mkono wa mtoto uliomshika mama yake. Tuliporudi Entebbe, mtoto hakuwa na habari nyingine. Nami, kwa kumpenda, nilinunua tangi la lita 150, nikachanganya maji na chumvi, na siku ya nne nikatia farasi-bahari wawili niliouziwa na mchuuzi mmoja aliyewatoa pwani. Niliwapa uduvi waliogandishwa kwa barafu. Waliutazama uduvi ukizama, wala hawakuugusa. Siku ya kumi akafa mmoja, na siku ya kumi na mbili akafa wa pili.

Binti yangu aliniuliza swali moja tu: "Baba, chakula kilikuwamo. Mbona wamekufa njaa?"

Makala hii ni jibu la swali lile.

Kiumbe asiye na tumbo la kuhifadhia

Farasi-bahari hana meno, wala hana tumbo la kuhifadhia chakula kama samaki wengi walivyo nalo. Chakula hupita upesi katika utumbo wake, na kwa sababu hiyo hana budi kula mara nyingi kila siku. Yeye si mwogeleaji hodari. Hujishika kwa mkia mahali pamoja, akatulia, huku kila jicho likizunguka peke yake, hata kijidudu cha maji kipite karibu na mdomo wake mrefu; hapo humfyonza ghafula.

Basi tazameni shida iliyopo. Samaki aliyekulia baharini amejifunza kwamba chakula ni kitu kinachotembea. Uduvi mfu ulalao chini ya tangi si chakula machoni pake, hata ukiwa mzuri namna gani. Anaweza kufa njaa akiwa amezungukwa na riziki. Ndivyo walivyokufa wale wa kwangu.

Tena si yeye peke yake mwenye tabia hii. Katika miamba ya bahari yetu ya Afrika Mashariki yuko samaki mwenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano, ambaye wataalamu humwita Zanclus cornutus. Uzuri wake huwavutia wengi, lakini mara nyingi hukataa kula akitiwa katika tangi. Wako pia baadhi ya samaki wa jamii ya vipepeo ambao hula matumbawe hai tu. Anayeanza kazi hii afahamu mapema kwamba rangi ya samaki haimwambii kitu juu ya ulaji wake.

Maji huandaliwa kabla ya mgeni kufika

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka, na wazee walikwisha kutuonya kwamba haraka haraka haina baraka. Maji yanayoonekana safi si lazima yawe salama. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Baharini sumu hiyo hutawanyika; katika tangi hubaki pale pale. Wako bakteria wema wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huota juu ya mawe, mchanga na chujio, nao huhitaji muda wa majuma manne hadi sita, pengine zaidi, kabla hawajatosha kufanya kazi.

Utaratibu ufaao ni huu:

1. Nunua chumvi iliyotengenezwa maalumu kwa matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa maji ya bahari yana pia magnesi, kalsi, potasi na vitu vinginevyo ambavyo chumvi ya mezani haina. Kipimo ni kama gramu 35 kwa lita moja, maana yake kilo tano na zaidi kidogo kwa tangi la lita 150.

2. Maji ya bomba huwa yametiwa klorini. Yatie dawa ya kuiondoa, ama tumia maji yaliyochujwa vizuri kwa chombo maalumu. Changanya chumvi katika ndoo au pipa safi lisilopata kutiwa sabuni, uache pampu iyazungushe maji kwa siku nzima.

3. Pima kwa haidrometa. Kipimo cha 1.023 hadi 1.025 hufaa.

4. Weka mawe na mchanga, washa chujio, tia chembe chache za chakula zioze ili bakteria wapate cha kuanzia, kisha pima kwa dawa za matone mara mbili kwa juma. Amonia itapanda, halafu nitriti itapanda, na mwisho zote mbili zitashuka hadi sifuri. Kabla ya siku hiyo usitie samaki.

Tangi la farasi-bahari lirefuke kwenda juu, lisipungue sentimita 45, kwani jozi hucheza kwa kupanda na kushuka pamoja. Mkondo wa maji uwe mpole. Pawe na vijiti au mwani wa kushikia mkia. Joto liwe baina ya digrii 22 na 24. Mtu atauliza: mbona bahari ya Mombasa ina joto kupita hilo? Ni kweli, lakini katika maji machache ya tangi joto kubwa huongeza upesi bakteria waletao maradhi, na farasi-bahari ni mwepesi wa kuugua.

Jambo jingine ambalo mama wa nyumbani atalielewa kuliko mtu yeyote: mchuzi ukiachwa mekoni hupungua maji, chumvi ikabaki. Tangi ni vivyo hivyo. Maji yakipungua kwa jua na hewa, yajazwe kwa maji matamu, si kwa maji ya chumvi. Ila unapobadilisha maji, sehemu moja katika kumi kila juma, ndipo utumie maji ya chumvi yaliyopimwa.

Ghala kabla ya askari

Ninyi askari mnafahamu kwamba kikosi hakipelekwi mbele kabla ya kupanga chakula chake kitatoka wapi. Kanuni hiyo hiyo ndiyo siri ya samaki wagumu wa kulisha.

Kabla ya kununua farasi-bahari, uwe na chakula hai na chakula cha barafu, vyote viwili. Chakula hai kilicho rahisi ni artemia, vijidudu vya maji ya chumvi ambavyo mayai yake makavu huuzwa makoponi. Mayai hayo hutiwa katika chupa ya maji ya chumvi yenye joto la digrii 25 hadi 28, pamoja na pampu ya hewa, na baada ya saa 24 hadi 36 huanguliwa. Artemia wachanga ni wadogo mno kwa farasi-bahari mkubwa. Itakulazimu kuwakuza na kuwalisha vizuri, kwa sababu artemia mwenye njaa hana lishe. Anza kazi hii majuma kadhaa mbele. Ikiwa huwezi kukuza artemia, ni dalili kwamba hujawa tayari kwa farasi-bahari.

Kisha tafuta samaki aliyezaliwa na kulelewa katika tangi, wala si aliyevuliwa baharini. Wa tangini huwa amefundishwa tangu udogo kula uduvi mdogo wa aina ya misidi uliogandishwa. Mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Asipokula mbele yako dukani, usitumaini kwamba atakula nyumbani kwako. Ukimpata, mlishe mara mbili au tatu kwa siku, chakula kidogo kidogo, na mabaki uyaondoe baada ya saa moja.

Wala usimweke pamoja na samaki wepesi, kwani watamaliza chakula yeye angali anakitazama.

Swali la sajini

Jioni moja, kabla farasi-bahari wangu hawajafa, jirani yangu ambaye ni sajini wa polisi alikuja kuwatazama. Alifurahi, akasifu, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, kibali cha hawa wageni kiko wapi?"

Nilimjibu, "Afande, ni samaki tu."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Hata kasuku ni ndege tu."

Nilikwenda kuuliza, nikafahamu kuwa aliniambia kweli. Farasi-bahari wa aina zote wamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 kulinda viumbe vya porini visiangamizwe na biashara. Hifadhi hiyo ya farasi-bahari ilianza kutumika tarehe 15 Mei, 2004. Kumvusha mpakani akiwa hai bila kibali ni kosa. Sababu yake ni nzito. Farasi-bahari huvuliwa kwa wingi duniani na kukaushwa kuwa dawa, na wengine hunaswa katika nyavu za uvuvi mwingine. Uzazi wao nao hauwezi kufidia pupa ya wanadamu: dume ndiye abebaye mayai katika mfuko wa tumbo lake, na jozi ikivunjwa, uzazi husimama kwa muda.

Kwa hiyo mchuuzi asiye na karatasi hakukuuzia samaki tu, bali amekuuzia na kosa lake. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Majuto ni mjukuu.

Kabla hujatoa fedha

Sisi watumishi wa umma, askari na polisi tuna jambo moja ambalo vitabu vya samaki havilitaji, nalo ni uhamisho. Maji ya tangi la lita 150 peke yake huzidi kilo 150, bila kuhesabu kioo na mawe. Halipakiwi juu ya lori likiwa limejaa. Ikiwa waweza kuhamishwa kwa taarifa ya siku chache, afadhali usianze, ama uwe na jirani aliyekubali mapema kukupokea samaki wako. Umeme nao hukatika. Uwe na pampu ya hewa ya betri. Mwisho, shaurianeni mume na mke juu ya gharama ya kila mwezi, maana chumvi na chakula cha barafu havikopeshwi.

Sisi tulianza upya. Tangi lilikaa majuma saba bila samaki, na binti yangu akiandika vipimo vyote katika daftari. Kisha tulitia samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa yenye mistari myeupe, jamii ya Amphiprion, waliozaliwa tangini, ambao hula chakula kikavu bila deko. Wapo hadi leo, wazima. Hawa hawafai kukaa na farasi-bahari, nasi tumekubali hivyo.

Mwezi uliopita nilimuuliza binti yangu kama bado anataka farasi-bahari. Alifikiri, akafungua daftari lake, akanijibu: "Tukuze artemia kwanza, Baba. Wakifa artemia, tusimlete."

Chupa mbili za artemia ziko dirishani. Moja inakwenda vizuri. Ya pili tumeimwaga, tunaanza tena.