Chumba Kinachopimwa kwa Boriti

Mgeni aingiapo nyumba kongwe za Shangani au Kiponda, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, hushangazwa na umbo la vyumba: virefu, lakini upana hauzidi sana mita 3. Huo si ubahili wa mwenye nyumba. Dari yote imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka wenye unene wa kubeba ghorofa ni nadra kupatikana kwa urefu unaopita huo sana. Fundi alianza na mti aliokuwa nao, ukuta ukafuata.

Boriti hupangwa karibu karibu, ncha zake zikazikwa ndani ya kuta nene. Juu yake hulazwa mawe ya matumbawe, kisha kifusi cha chokaa ambacho watu walikitwanga kwa miti, wakiimba, siku baada ya siku mpaka kikashikana. Mchwa hawaupendi mkoko. Adui wake ni maji: paa likivuja, ncha iliyozikwa ukutani huoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika, na mwenye nyumba hugundua siku dari inapoanza kulegea.

Hata chokaa ilikula miti. Katika tanuu, matumbawe hupangwa juu ya magogo, mara nyingi ya minazi, yakachomwa mpaka yakawa chokaa. Kila ukuta wa Mji Mkongwe, basi, una kuni zake.

Miti mingi ya kujengea ilivuka bahari kutoka delta ya Rufiji na mikoko ya Lamu. Wafanyabiashara waliigawa kwa unene, boriti, mazio, pau na fito, na kuiuza kwa korija, yaani miti 20. Majahazi ya Kiarabu yaliyoshuka na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu yalirudi na kusi yakiwa yamejaa miti, kwa kuwa Ghuba haikuwa na misitu. Biashara yenyewe ni ya kale: katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa mbao zilizotoka nchi ya Zanj. Ndiyo maana nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain nazo zina vyumba vyembamba. Saruji na vyuma vya enzi ya mafuta vilipunguza hamu ya miti hiyo, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi.

Unguja yenyewe ilivuliwa misitu kwa njia nyingine. Upande wa magharibi, wenye udongo mzito, ulifyekwa katika karne ya 19 kupisha mikarafuu, na kimbunga cha 1872 kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu hiyo. Mashariki, kwenye maweni, wakulima walihamisha mashamba yao huku wakikata kuni na kuchoma makaa ya kuuza mjini.

Msitu wa Jozani ulinusurika kwa tabu. Katika miaka ya 1930 kulikuwa na kiwanda cha kupasua mbao humo humo msituni. Mwaka 1960 ukawa msitu wa hifadhi, na mwaka 2004 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50 hivi. Humo anaishi kima punju, ambaye haonekani porini popote nje ya Zanzibar. Kima hawa wana kituko kimoja: hula makaa, hata kuyaokota kwenye matanuu ya wachomaji. Watafiti wanaeleza kwamba makaa hupunguza sumu iliyomo katika majani ya mikungu na miembe wanayokula. Sensa ya Unguja nzima ilihesabu zaidi ya 5,800.

Sasa uhifadhi wa mji na uhifadhi wa msitu umekutana kwenye dari moja. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na ukarabati mwema unataka boriti mpya na chokaa. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996, nayo, inataka ukataji uwe na mpaka. Wenye haraka humwaga zege, mzigo ambao kuta za chokaa hazikujengewa. Sultani Barghash alikwisha kuukimbia upana wa mkoko alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 kwa nguzo na mihimili ya chuma. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, watu wawili wakafa.

Sheria hiyo hiyo ya misitu inaruhusu vijiji kusimamia misitu yao kwa mkataba na serikali. Mamlaka ya Mji Mkongwe ingeweza kukaa na vijiji vyenye mikoko, wakatenga sehemu ya kukatwa kwa zamu kwa ajili ya dari za mjini tu, kwa bei inayomfaa mwanakijiji kuliko gunia la makaa.