Majumba ya miwa yanavyouza chakula cha usiku

Nevis ni kisiwa cha kilomita za mraba 93 tu katika Karibiani. Sukari iliyokitajirisha ilishakufa, lakini majumba ya waliomiliki mashamba bado yanaingiza fedha, safari hii kwa kulisha watalii.

Montpelier, shamba ambako Horatio Nelson, nahodha wa jeshi la majini la Uingereza, alimwoa Frances Nisbet mwaka 1787, sasa ni hoteli. Ndani ya mnara wa mawe wa kinu cha miwa huandaliwa meza chache kwa mwanga wa mishumaa. Golden Rock, shamba jingine la zamani lililo mlimani, lilifufuliwa na mchoraji Brice Marden na mkewe Helen.

Hesabu za biashara hii ni ngumu kuliko picha zake. Jumba lenye karne mbili au zaidi halikomi kudai fundi, na bima ya vimbunga haina huruma. Nyama, unga na mvinyo huja kwa meli, ushuru juu. Msimu mnono ni Desemba hadi Aprili. Ikifika Septemba, kilele cha vimbunga, wengi hufunga milango. Tena migahawa ya mlimani hutegemea wageni wa hoteli za ufukweni waliochoka kula palepale. Kimbunga Omar kilipoipiga Four Seasons, hoteli kubwa ya ufukweni Nevis, Oktoba 2008, hoteli hiyo ilifungwa hadi Desemba 2010. Mpishi hodari hawezi kuziba pengo kama hilo.

Barbados kuna mfano ninaouamini zaidi. St. Nicholas Abbey, jumba la karne ya 17, lilinunuliwa mwaka 2006 na familia ya Warren. Wanalima miwa yao, wanaikamua, wanatengeneza ramu na kuijaza kwenye chupa palepale. Mgeni hula, hutembezwa, kisha huondoka na chupa. Fedha nyingi hubaki shambani badala ya kumfuata muuza nyama wa ng'ambo.

Lipo pia suala la hadithi inayouzwa. Jina la Nelson halikosekani. Waliokata miwa na kukesha kwenye masufuria ya sukari hutajwa kwa haraka, kama hutajwa. Sheria ya Uingereza ya 1833 iliyokomesha utumwa ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia mabwana, na watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Wageni wengi wa leo, hasa Wamarekani Weusi, wanaijua historia hiyo kabla hawajafungua menyu, na mwenye jumba anayeikwepa anawafukuza wateja wake mwenyewe.

Ningekuwa na mtaji, ningeanza na bustani ya mboga na mkataba na wavuvi wa Charlestown, mji mkuu wa Nevis. Mapazia yangesubiri.