Amplifaya Yenye Vifungo Vingi: Tutapataje Sauti Safi?



Katika toleo hili tunataka kuongea juu ya kitu ambacho kimeleta ugomvi katika kikundi chetu cha vijana, na tunajua si sisi peke yetu hapa Kisumu na pande za ziwa: amplifaya ya gitaa. Hatusemi ile ndogo yenye vifungo vitatu. Tunasema ile kubwa, nzito, yenye chaneli mbili au tatu na vifungo kumi na zaidi, iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa roki.

Kikundi chetu kilinunua moja ya mtumba. Pesa zilitoka kwa harambee, na mpango ulikuwa vyombo vikodishwe kwa arusi na mikutano ili vijana wapate kitu kidogo cha karo na cha mtaji. Kazi ya kwanza ilikuwa arusi kule Ahero, na mambo yakaharibika. Gitaa lilinguruma, maneno ya waimbaji hayakusikika, na mama mmoja aliyeketi mbele akawahamisha watoto wake hadi nyuma kabisa. Mwenye arusi alitulipa nusu. Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa kamati akatuambia, "Wanangu, hiyo kitu yenu inalia kama kisiagi. Iuzeni kabla haijatuletea aibu ingine."

Tuliomba tupewe miezi miwili. Tukaketi na ile mashine kila Jumamosi, na kumbe haikuwa mbovu. Ni sisi tulikuwa tumefungua kila kitu. Tunawaandikia tuliyojifunza ili wengine wasiuze mali nzuri kwa kutojua.

KWANZA, USALAMA

Kabla ya sauti kuna uhai. Angalia nyuma ya mashine imeandikwa volti ngapi. Umeme wetu Kenya ni volti 240, lakini amplifaya iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Inahitaji transfoma ya kupunguza umeme, yenye nguvu ya kutosha.

Plagi iwe na miguu mitatu, na ule waya wa ardhi ambao mafundi wanauita athi uwe umeunganishwa kweli. Kuna watu hukata athi ili kelele ya "mmmm" ipungue. Usifanye hivyo kamwe! Mwaka 1972 mpiga gitaa kutoka Scotland, Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea alipogusa maikrofoni isiyo na athi huku ameshika gitaa lake.

Kama amplifaya ni ya valvu, yaani zile taa za kioo zinazowaka ndani, usiifungue mwenyewe. Ndani mna umeme unaoweza kupita volti 400, na unaweza kubaki humo hata baada ya kung'oa plagi. Mwachie fundi anayejua kazi hiyo. Usiiwashe bila spika kuunganishwa, maana transfoma ya kupelekea spika inaweza kuungua. Hakikisha pia omu za spika zinalingana na zilizoandikwa nyuma ya mashine. Na mvua ya radi ikianza jioni, kama tulivyozoea huku kwetu, usizime tu. Ng'oa plagi ukutani.

KWA NINI INANGURUMA

Makosa yetu makubwa yalikuwa kufikiri kwamba geini na volyumu ni kitu kimoja. Sivyo. Amplifaya ina kazi mbili. Sehemu ya kwanza inachukua umeme mdogo sana unaotoka kwa gitaa na kuukuza. Sehemu ya pili inaupa nguvu ya kusukuma spika. Geini iko mwanzoni. Volyumu kubwa, ile inayoandikwa masta, iko mwishoni.

Mapema miaka ya 1970 fundi mmoja wa California, Randall Smith, mwanzilishi wa kampuni ya Mesa/Boogie, alianza kupanga hatua za kukuza moja nyuma ya nyingine. Baadaye makampuni mengine yalifuata njia hiyo. Mwaka 1992 Peavey walitoa amplifaya ya 5150 waliyoitengeneza pamoja na mpiga gitaa Eddie Van Halen. Katika mashine za namna hii sauti inakuzwa, inakuzwa tena, na tena, mpaka haitoshei njia yake. Ni kama kumwaga debe la maji ndani ya kikombe. Kinachozidi kinakatwa, na huko kukatwa ndiko kunakoleta ule mngurumo.

Ukipiga uzi mmoja, mngurumo huo ni mtamu na sauti inakaa muda mrefu. Lakini ukipiga nyuzi nne au tano pamoja, zinagongana na kuzaa sauti zingine ambazo hukuzipiga. Hapo ndipo kisiagi kinapoanza! Tena geini inakuza kila kitu: waya mbovu, mlio wa taa za tyubu, hata kidole kikisugua uzi.

MUZIKI WETU UNATAKA NINI

Vijana wetu wengine wanapenda roki nzito, kama inavyopigwa na bendi za Nairobi. Si vibaya, na hii mashine iliundwa kwa kazi hiyo. Lakini arusi nyingi za huku zinataka benga. Benga ilikua mikononi mwa watu waliosikia nyatiti tangu utotoni, chombo cha nyuzi nane ambacho kila uzi unasikika peke yake. Msikilize marehemu Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, ama wasikilize Victoria Jazz. Gitaa la solo linajibu mwimbaji, neno kwa neno. Geini ikizidi, uzi uliopigwa polepole na uzi uliopigwa kwa nguvu vinatoka sawa. Mkono wa mpigaji haujulikani tena.

HATUA ZETU

Tunahesabu vifungo kama mshale mfupi wa saa. Saa sita ni kuelekea juu kabisa. Saa tatu ni kushoto, saa tisa ni kulia.

1. Anza na chaneli safi. Weka besi, midi na trebo zote saa sita. Geini na masta ziwe chini kabisa. Ekо na mapambo mengine yazimwe.

2. Pandisha geini mpaka saa tatu, halafu pandisha masta mpaka ufikie ukubwa wa sauti utakaotumia siku yenyewe. Hii ni muhimu. Sikio la binadamu halisikii besi vizuri sauti ikiwa ndogo. Sisi tulikuwa tukitengeneza sauti usiku polepole tusiwasumbue majirani, tunaongeza besi, kisha siku ya kazi tukifungua masta besi inameza kila mtu.

3. Sasa tafuta geini yako. Piga uzi mmoja kwa nguvu, halafu piga nyuzi tatu pamoja. Pandisha kidogo kidogo. Pale ambapo huwezi tena kutofautisha zile nyuzi tatu, umepita. Rudi nyuma. Kwa benga sisi tunabaki kati ya saa mbili na saa nne. Kwa roki, kwenye chaneli ya mngurumo, tunafika saa tano tu, na inatosha.

4. Midi. Wengi wanaoanza huikata kabisa kwa sababu ukiwa peke yako chumbani inapendeza. Ukiingia na ngoma na gitaa la besi, solo inapotea. Midi ndiyo makao ya gitaa. Iache saa sita ama saa saba. Lakini kumbuka sauti ya mwimbaji nayo inaishi hapo. Akianza kuimba na maneno yakipotea, shusha gitaa, usimwambie apige kelele.

5. Besi. Shusha mpaka saa nne. Utaona kama gitaa limekonda, lakini nafasi hiyo ni ya mwenzako wa besi. Geini ikiwa juu, besi ndiyo huleta matope.

6. Trebo na kile kifungo cha prezensi viwe vya mwisho. Usivipime ukisimama kando ya amplifaya. Sauti kali hutoka kwenye spika ikienda moja kwa moja mbele, kama mwanga wa tochi. Wewe inakupita magotini, na yule mama wa mstari wa mbele inampata usoni. Inua amplifaya juu ya kreti, kisha mwenzako apige huku wewe umeketi pale watu watakapoketi.

7. Geuza kifungo kimoja kwa wakati mmoja. Katika mashine nyingi vifungo hivi vinavutana. Ukiongeza trebo, midi na besi nazo zinabadilika. Ukigeuza vitatu pamoja hutajua kilichokusaidia.

8. Andika. Tuna daftari la shilingi chache. Kila ukumbi una ukurasa wake.

UKUMBI NAO UNA SAUTI YAKE

Ukumbi wa mabati na sakafu ya simiti ukiwa mtupu unarudisha sauti kali sana. Watu wakijaa, miili na nguo zao hunywa ile trebo. Kwa hivyo usishtuke sauti ikiwa kali kidogo mchana mkiwa wachache. Ngoja watu waingie, halafu sikiliza upya. Nje, uwanjani, hakuna ukuta wa kurudisha, na besi inapotea mapema. Hapo unaweza kuirudisha hadi saa sita.

Jambo la mwisho ni kifungo cha volyumu kilicho kwenye gitaa lenyewe. Ukikipunguza kidogo, mngurumo unapungua, nyuzi zinaachana. Mpigaji mzuri anaweza kutoka kwa benga hadi roki bila kugusa amplifaya.

Baada ya ile miezi miwili tulikodishwa tena, safari hii arusi ya Kendu Bay. Tulifika mapema, tukapima kutoka kwa viti, tukafungua daftari. Yule mzee alikuwepo. Hakusema kitu mpaka tulipokuwa tunapakia vyombo kwa matatu. Kisha akasema, "Leo nimesikia maneno ya wimbo." Tulilipwa yote, na pesa za kwanza zikaenda kwa karo ya wenzetu wawili kama tulivyoahidi.

Basi ndugu msomaji, kama kikundi chenu kina mashine kama hii na mnataka kuiuza, ngojeni kwanza. Rudisheni vifungo saa sita, shusheni geini, halafu mkaketi kwenye viti vya wageni msikilize.